Miezi Isiyo na Picha

Filamu ya John Stephen Akhwari tunaijua sote, hata sisi tulioisikia kabla ya kuiona. Jiji la Mexico, jioni ya tarehe 20 Oktoba 1968. Mamo Wolde wa Ethiopia ameshinda marathoni zaidi ya saa moja iliyopita, kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Medali zimeshavalishwa, majukwaa yamebaki na watu maelfu machache, giza limeingia. Mara anatokea Mtanzania mmoja, bandeji imemlegea mguuni, anakimbia hatua kadhaa, anachechemea, anakimbia tena. Waliobaki wanamshangilia kana kwamba yeye ndiye mshindi. Anavuka mstari kwa saa 3, dakika 25 na sekunde 27, akiwa wa 57, wa mwisho kati ya waliomaliza. Walioanza walikuwa 75.

Kilichomchelewesha kinajulikana. Jiji la Mexico liko meta 2,240 juu ya usawa wa bahari, na hata kwa mtu wa Mbulu, ambako nako si bondeni, hewa ile ilikuwa nyepesi mno, misuli ilimkaza. Karibu na kilomita ya 19, wakimbiaji wakigombea nafasi, akagongwa na kuanguka. Goti likachanika na kuteguka, bega likajipigiza barabarani. Akafungwa bandeji, akanyanyuka, akaendelea, na mbele yake zilikuwa zimebaki kilomita zaidi ya 20. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumpeleka mbali kote kule ili aanze mbio tu, ilimpeleka azimalize.

Jibu hilo nimelisikia kwenye mahafali, kwenye semina za ujasiriamali, kwenye mahubiri, na mara moja kwenye kikao cha harusi kilichokuwa kimepungukiwa michango. Huku kwetu Manyara lina uzito wa pekee kwa sababu aliyelisema ni wa kwetu, mzaliwa wa Mbulu wa mwaka 1938. Mkoa wenyewe ulikuwa haujazaliwa; Manyara ilimegwa kutoka Arusha mwaka 2002. Lakini watu hawahesabu hivyo. Akhwari ni wa Mbulu, basi.

Nina ugomvi mdogo na filamu hiyo. Akhwari simgusi, ninachogombana nacho ni mahali mkanda unapokatwa. Unakatwa mstarini, makofi yakiwa bado yanasikika, na mtazamaji anabaki akiamini kwamba habari ya mtu yule imeishia hapo, kwamba kazi yake duniani ilikuwa kuanguka na kufika.

Tarehe 23 Julai 1970, mjini Edinburgh, Akhwari alikimbia tena marathoni, safari hii kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola. Aliyeshinda alikuwa Ron Hill wa Uingereza, kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 28. Akhwari alikuwa wa tano: saa 2, dakika 15 na sekunde 5. Ukilinganisha na jioni ile ya Mexico, alikuwa amejipita mwenyewe kwa saa moja na dakika kumi. Na ili mtu asidhani muda ule ulikuwa wa kujikokota, chukua mfano wa jirani. Mwaka 1978 kijana wa Katesh, Gidamis Shahanga, akiwa na umri wa miaka 20, alitwaa dhahabu ya marathoni ya michezo hiyohiyo mjini Edmonton, Kanada, kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 39. Barabara si ile ile, upepo si ule ule, na marathoni mbili hazipimwi kwa rula moja. Hata hivyo inafurahisha kujua kwamba yule mtu wa bandeji, kwa goti lililoteguka na kurudi, alikimbia nusu dakika chini ya muda uliokuja kutoa dhahabu miaka minane baadaye.

Nimeuliza darasani mara kadhaa: nani anajua Akhwari alikuwa wa ngapi Edinburgh? Hakuna mkono unaonyanyuka. Mexico, mikono yote juu.

Kati ya Mexico na Edinburgh kuna miezi 21. Miezi hiyo haina picha, na sioni ajabu. Nani angeipiga? Goti lililoteguka linapona kwa namna isiyopendeza kutazama. Uvimbe unashuka leo, kesho umerudi. Paja linanywea kwa kukosa kazi, na kulirudisha kunachukua muda mrefu kuliko ulivyochukua kunywea. Siku ya kwanza ya kukimbia, mtu hakimbii kwa miguu, anakimbia kwa masikio, anasikiliza kiungo kitasema nini. Kisha anarudi nyumbani na kungoja asubuhi, maana jibu la kweli hutolewa asubuhi, wakati wa kushuka kitandani.

Ninayasema haya kwa sababu shuleni kwetu, wilayani Hanang, tuna majeruhi, na habari za Akhwari zimekuwa zikitumika juu yake kila siku.

Si mkimbiaji. Ni senta wa timu ya kikapu, na kwa shule za huku senta wa kweli ni mali adimu. Tangu Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam, alipochaguliwa wa pili katika drafti ya NBA, na Memphis Grizzlies, mwaka 2009, kila mtoto mrefu nchini ameulizwa na watu asiowajua kama anacheza kikapu. Huyu wetu aliulizwa na dereva wa basi, na mganga mkuu wa zahanati, na mwisho na mwalimu wa michezo, akakubali ili wamwache. Wenzake wanamwita Mlingoti. Kumbe alikuwa na mikono. Mwaka uliofuata hakuna shule jirani iliyofunga chini ya goli letu bila kumwomba ruhusa.

Uwanja wetu ni wa udongo. Nguzo ni bomba, ringi imechomelewa mjini Katesh, wavu hakuna. Chini ya ringi pale anapotua kila siku ardhi imebonyea, na kiangazi udongo huo hukauka ukawa kama sakafu ya saruji. Raba zake alizipata mnadani, mtumba, namba 47, baada ya kutafuta minada kadhaa. Ukizigeuza unaona soli ya ndani imeshabonyezwa na mguu wa mtu mwingine, mtu mwenye kisigino kizito na kidole gumba kinachotazama nje. Mlingoti alikuwa anaruka na kutua kwenye unyayo wa mgeni.

Maumivu yalianza taratibu, juu ya unyayo, kuelekea ndani. Si enka, alisema, enka anaijua. Akachuliwa, akapewa vidonge, akacheza. Eksirei ya kwanza haikuonyesha kitu, na kama kawaida picha safi ikageuka ushahidi dhidi ya mgonjwa: mvivu huyu, anaogopa mazoezi ya milima. Ilichukua kipimo cha CT, mbali na nyumbani na kwa pesa za kuchangishana, kuuona ufa kwenye mfupa unaoitwa navikula.

Mfupa huo nimeusoma nilivyoweza. Ni mdogo, umekaa juu ya tao la unyayo upande wa ndani, na kazi yake ni ile ya jiwe la katikati ya upinde wa mlango: mawe ya pande zote mbili yanaegemea hapo, na lisipokuwepo hakuna mlango. Mtu akitua kutoka juu, uzito wote unapita hapo ukiwa umeongezeka mara kadhaa. Tatizo ni kwamba sehemu ya katikati ya mfupa huo hupata damu kidogo. Palipo na damu haba, ufa unachelewa kuunga, na mara nyingine hauungi kabisa. Eksirei ya kawaida huukosa mara nyingi. Tiba ya kuanzia ni kufungwa plasta ngumu, P.O.P, na kutoukanyaga mguu kwa wiki sita hadi nane. Si kukanyaga kidogo, ni kutokanyaga kabisa. Ikishindikana, skrubu.

Ukitafuta masenta walioumia mfupa huu unakutana na orodha inayotisha kwa ukubwa wa majina yake. Bill Walton aliiongoza Portland kutwaa ubingwa wa NBA mwaka 1977. Msimu uliofuata akawa mchezaji bora wa ligi, mguu ukamsumbua, akachomwa sindano ya kuua maumivu ili acheze mechi ya mtoano. Baada ya mechi hiyo ikagundulika navikula imevunjika. Alikosa msimu mzima wa 1978–79, na mingine baadaye. Alikuja kupata ubingwa tena mwaka 1986 akiwa na Boston, ila safari hii kama mchezaji wa kutokea benchi, senta mkubwa aliyejifunza kugawa dakika zake kwa kipimo. Joel Embiid wa Kamerun aligundulika na ufa huo siku chache kabla ya kuchaguliwa mwaka 2014. Akapasuliwa, mwaka uliofuata akapasuliwa tena, na Philadelphia wakamngoja misimu miwili bila kumwona akicheza hata mechi moja ya ligi. Mwaka 2023 alikuwa mchezaji bora wa NBA.

Yao Ming ndiye anayenigusa zaidi. Meta 2.29, na nchi nzima ya watu zaidi ya bilioni moja ikisubiri Olimpiki yake ya nyumbani. Mwanzoni mwa 2008 mguu wake wa kushoto ulipata ufa, Machi akapasuliwa, na hesabu ya kila mtu ikawa Agosti: atawahi Beijing au hatawahi? Mwezi uliofuata, tarehe 13 Aprili, mwenge wa Beijing ulipita Dar es Salaam, mji pekee wa Afrika kwenye ziara ile, na miongoni mwa walioubeba alikuwa Akhwari. Ninapenda kuiweka miezi hiyo pamoja. Mzee wa Mbulu, karibu miaka 40 baada ya Mexico, anatembea na moto wa michezo ambayo nyota wake mkubwa, wakati huohuo, anauguza mguu uliopasuliwa.

Yao aliwahi. Alibeba bendera ya China siku ya ufunguzi, pembeni yake mtoto mdogo aliyenusurika tetemeko la Sichuan, akacheza, China ikafika robo fainali. Picha hiyo nayo ni nzuri, na mkanda wake nao hukatwa hapo. Mei 2009 mguu uleule ukapasuka tena. Msimu wa 2009–10 hakucheza kabisa. Uliofuata alicheza mechi tano tu. Julai 2011, akiwa na umri wa miaka 30, alitangaza kustaafu. Sitasema Beijing ndiyo iliyommaliza, mwili ule ulikuwa mzito na misimu ilikuwa mingi. Ninachosema ni kwamba Agosti ile hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia asicheze.

Kuna mwingine ambaye hakuna anayemtaja katika habari ya Mexico, na alikuwa kwenye barabara ileile. Abebe Bikila, bingwa wa Roma 1960 na Tokyo 1964, yule ambaye Tokyo alishinda wiki chache tu baada ya kupasuliwa kidole tumbo. Mexico alianza akiwa na mguu mbovu, na kabla ya nusu ya njia akajitoa. Wolde akaenda kushinda. Miezi michache baadaye, Machi 1969, Bikila alipata ajali ya gari na hakutembea tena. Kwa hiyo hatutajua kama uamuzi wake wa kusimama ungemrudisha barabarani. Lakini ulikuwa uamuzi wa mtu aliyejua mbio kuliko sisi sote, na hakuna mahafali niliyohudhuria ambako mzungumzaji alisimama akasema: wanafunzi, mkumbukeni Bikila, siku ile alijua pa kuachia.

Shuleni, mwalimu wa michezo aliposimama mstarini Jumatatu moja na kusema, Mlingoti akiwa pale na magongo yake, kwamba Akhwari wa hapa jirani alimaliza na goti limetoka mahali pake, wanafunzi walipiga makofi. Nilimtazama kijana. Alikuwa ameshusha ule mguu chini, kidogo, ncha za vidole zikigusa vumbi.

Hapo ndipo hadithi nzuri inapoanza kufanya kazi mbaya. Akhwari alikuwa amebakiza kilomita zake, akazimaliza, akapumzika. Navikula haina mstari wa kumalizia. Ukiikanyaga kwa ushujaa wiki ya tatu, umeanza upya, na safari hii kwa nafasi ndogo zaidi. Mtu mwenye ufa wa namna hiyo akihitaji kitu kutoka kwa Akhwari, akitafute kwenye ile miezi 21, kwa mtu aliyekuwa amesifiwa na dunia kwa kutokuacha na bado akalazimika kungoja kiungo chake kama mtu mwingine yeyote.

Kungoja nako kuna bei yake. Embiid alingoja misimu miwili mshahara ukiingia, na madaktari wakimfuata. Nyumbani kwa Mlingoti ni mwinuko na mteremko, kama nyumba nyingi za huku chini ya Mlima Hanang. Nilikwenda kuzungumza na mama yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Karibu, kaa hapo penye kivuli."

Akaniletea maziwa, akauliza habari za shule, habari za mvua upande wa kwetu, kisha akaingia kwenye jambo.

"Daktari anasema asikanyage. Sawa, nimesikia. Sasa ng'ombe wataswagwa na nani, mwalimu? Wadogo zake wako darasani. Na choo si unakiona kilipo, kule chini. Usiku namsikia anakwenda. Nahesabu hatua. Zile za gongo zina sauti yake, na zile za mguu zina sauti yake."

"Tutajipanga, mama," nikamwambia. Jibu la mtu asiye na ng'ombe.

Akacheka, kwa heshima. Halafu akaniambia habari za baba yake mzazi, aliyevunjika mguu akichunga, siku ambazo hospitali ya Haydom ilikuwa mbali kwa miguu na barabara haikuwepo. Alifungwa vijiti na mganga wa viungo, akalazwa ndani ya nyumba msimu mzima wa kilimo. Ukoo ulimlimia shamba. Hakuna aliyemwita shujaa wala mvivu. Alikuwa tu mtu aliyevunjika mguu, na kazi yake msimu ule ilikuwa kulala. "Siku hizi," akasema mama, "mtoto akilala siku tatu watu wanauliza ana nini."

Nimekuwa nikimfikiria mzee yule kuliko Embiid. Alipewa kitu ambacho kliniki za Philadelphia hutoa kwa mamilioni ya dola: ruhusa ya kutokuwa na faida kwa muda. Tofauti ni kwamba yeye hakudaiwa kurudi akiwa nyota. Alidaiwa kurudi akiwa mchungaji, na hilo kwa mfupa ni deni linalolipika.

Kwa Mlingoti madeni ni mengi. Kuna UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, ambako shule yetu haijawahi kuvuka ngazi ya wilaya katika kikapu, na mwaka huu kwa mara ya kwanza tulijiona tunaweza. Kuna mtu kutoka mjini aliyempiga picha kwa simu na kuahidi kumpigia. Kuna urefu wenyewe, ambao watu humtendea kama uliwekwa akiba kwa niaba yao. Mtoto mfupi akiumia mguu, ameumia mguu. Mtoto mrefu akiumia, kijiji kimepata hasara.

Sijui sana mambo ya kikapu, na wenzangu wameniambia hivyo waziwazi. Lakini kikao cha kupitisha majina ya timu kilipofika, nilisema jina lake lisiandikwe. Mwalimu wa michezo, ambaye ni mtu mwema na anampenda kijana yule kwa kweli, alijibu kwamba kuandikwa si kucheza: aandikwe, akae benchi, awatie moyo wenzake, na P.O.P ikifunguliwa na daktari akiridhika, basi. Nikauliza ni nani hapa ndani atakayemzuia kusimama dakika mbili za mwisho tukiwa nyuma kwa pointi tatu, na wale wa upande wa pili wakiwa na jitu lao chini ya ringi. Hakuna aliyejibu. Mwalimu mmoja wa hesabu akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Akhwari alimaliza." Nikamuuliza Akhwari alikuwa wa ngapi Edinburgh. Akadhani namtania.

Jina liliandikwa. Nilichofanikiwa ni kimoja tu, na mwalimu wa michezo alikikubali shingo upande: jezi yake akabidhiwe kijana wa kidato cha tatu, mfupi kwake kwa kichwa kizima, mpaka karatasi ya daktari itakapofika shuleni ikiwa na muhuri, na karatasi hiyo ipitie kwa mama yake kwanza. Mlingoti ameshaambiwa nani alitoa wazo hilo. Shikamoo yake sijaisikia tangu Jumatatu.